Watu wa Mahindi: Asturias, Popol Vuh na Swali la Nani Aliyeliumba Hindi

Jaribu kulitafsiri jina la riwaya ya Miguel Ángel Asturias, Hombres de maíz, utaona tatizo mara moja. "Watu wa Mahindi." Mwambie mtu wa Kariakoo kwamba jana ulikutana na watu wa mahindi, naye atadhani umekutana na wauzaji: wale wa magunia, au wale wa kuchoma kando ya barabara. Hatawafikiria hata kidogo watu ambao miili yao imefinyangwa kwa unga wa mahindi. Hiyo "wa" yetu ndogo inabeba maana zote mbili bila kulalamika. Na ugomvi mzima wa riwaya umo humo humo, baina ya mtu aliyeumbwa kwa mahindi na mtu anayeyauza.

Riwaya ilichapishwa Buenos Aires mwaka 1949. Asturias, Mguatemala aliyezaliwa mwaka 1899, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1967, na wengi wanamjua kwa riwaya yake kuhusu dikteta, El señor presidente. Mimi naiona hii ya mahindi kuwa kubwa zaidi, ingawa ina kasoro nyingi zaidi pia. Nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Gerald Martin, sambamba na Popol Vuh, kitabu kikuu cha Wamaya wa K'iche', katika tafsiri ya Dennis Tedlock. Halafu pembeni nikaweka maandishi ya wanajenetiki kuhusu asili ya mahindi. Mchanganyiko wa ajabu, najua. Lakini wote hawa wanagombania swali moja, la nani alimuumba nani, na jibu lake linamgusa hata anayekula ugali wake leo usiku Kitale au Iringa.

Gaspar Ilóm na wauza mahindi

Kisa kinaanza na ardhi inayomlalamikia Gaspar Ilóm, kiongozi wa wenyeji wa asili wa milimani. Walimaji wa biashara wameingia. Wanafyeka msitu, wanautia moto, wanapanda mahindi ya kuuza, na udongo ukichoka wanahamia kwingine. Gaspar anachukua bunduki. Jeshi linaletwa chini ya Kanali Chalo Godoy, na kwa kuwa Gaspar hauawi kwa risasi, anawekewa sumu kwenye karamu. Anakimbilia mtoni, anakunywa maji mpaka sumu inatoka. Lakini anapoinuka anakuta watu wake wameshachinjwa, naye anajitupa mtoni.

Hiyo ni sehemu ya kwanza tu, jamani. Kurasa zinazobaki ni laana inayowafuata walioshiriki, mmoja baada ya mwingine. Baadaye kisa kinasogea mbali zaidi: kipofu Goyo Yic anamtafuta mkewe María Tecún aliyemkimbia, na tarishi Nicho Aquino, naye akimtafuta mkewe, anageuka koyote. Kufikia hapo Gaspar amekuwa ngano, na wanaosimulia habari zake hawana hakika kama aliwahi kuishi.

Wasomaji wengi wamelalamika kwamba riwaya haina umoja. Mhusika mkuu anakufa mapema, visa vinaanza na kuachwa, na uhalisiajabu wake haukupi pa kushika. Mimi nadhani umoja upo, ila umekaa kwenye shamba. Kila sehemu inarudi kwenye mambo yaleyale: moto, mvua, mwanamke anayeondoka, punje zinazopotea ardhini halafu zinatokeza. Mtu aliyezoea kusoma riwaya kwa kumfuata shujaa atapotea. Anayejua kwamba msimu huu si nakala ya msimu uliopita, ingawa kazi ni zilezile, atakaa vizuri.

Sehemu ninayoipenda kupita zote ni ya mzee Tomás Machojón, mmoja wa waliomsaliti Gaspar. Mwanawe anapotea njiani akienda kuposa. Walimaji wanaotaka ardhi yake wanamdanganya mzee kwamba kijana huonekana ndani ya ndimi za moto kila wanapochoma msitu. Basi mzee anawapa msitu zaidi wauchome, ili amwone mwanawe. Mwishowe anavaa mavazi ya kijana yule na kulitia moto shamba la mahindi yaliyokwisha kukauka. Nimesoma hotuba nyingi kuhusu uharibifu wa misitu, na hakuna iliyonionyesha vizuri hivi namna uchu wa ardhi unavyoweza kujivika huzuni ya mzazi ili upate ruhusa.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoanza kubishana na Asturias. Riwaya inagawa ulimwengu mara mbili: mahindi ya kula ni matakatifu, mahindi ya kuuza ni kama kumuuza mtoto wako. Mgawanyo huu unaipa riwaya nguvu, ila pia unaifunga macho. Milpa, shamba la kienyeji la Mexico na Guatemala ambamo mahindi hupandwa pamoja na maharage na maboga, mara nyingi nalo huanza kwa kufyeka na kuchoma. Tofauti iko kwenye kurudi: ardhi hupumzishwa, msitu huota tena. Na mbegu hazikuwahi kukaa pale pale. Zilipita mikononi, zikapewa wakwe, zikabadilishwa sokoni. Bila kubadilishana kusingekuwa na mahindi ya aina aina kutoka Canada hadi Chile kabla Columbus hajafika. Asturias anajua mahindi ni uhusiano. Anachokosa ni historia ya uhusiano huo. Kwake hindi limekuwa hindi tangu mwanzo.

Hindi lililokutwa tayari

Wazo hilo amelichota kwenye Popol Vuh, na hilo si siri. Alipokuwa Paris miaka ya 1920 alisoma kwa Georges Raynaud, akashirikiana na J. M. González de Mendoza kuitafsiri Popol Vuh kwa Kihispania kutoka Kifaransa cha Raynaud. Tafsiri ilitoka mwaka 1927.

Kwa ambao hawajaisoma: miungu inajaribu kuumba kiumbe atakayeweza kuwataja na kuwakumbuka. Wanyama wanashindwa kusema. Mtu wa udongo anayeyuka. Watu wa mti wanaweza kusema lakini hawana moyo wala kumbukumbu, mpaka vyungu vyao, mbwa wao na mawe yao ya kusagia vinawageuka na kuwashambulia. Mwishowe mbweha, koyote, kasuku na kunguru wanaonyesha njia ya kwenda Paxil, mlima uliojaa mahindi meupe na ya njano. Bibi Xmucane anayasaga mara tisa, na kwa unga huo wanaumbwa wanaume wanne wa kwanza. Hawa wanaona mbali mno, mpaka miungu inaogopa na kuyatia macho yao ukungu.

Angalia vizuri. Mahindi yanakutwa mlimani yakiwa mahindi kamili, meupe na ya njano. Hakuna mtu aliyeyatengeneza. Kazi inayosimuliwa ni kuyapata na kuyasaga.

Sasa nenda upande wa pili, kwa wanasayansi, ukakutane na Paul Mangelsdorf. Alizaliwa mwaka uleule wa 1899, huko Kansas. Mwaka 1939 yeye na Robert Reeves walitoa nadharia kwamba mzazi wa mahindi alikuwa hindi-mwitu, mmea uliokwisha kutoweka. Na teosinte, ile nyasi ya Mexico inayofanana na mahindi kwa bua na majani? Hiyo, walisema, si mzazi. Ni mtoto, chotara wa mahindi na nyasi nyingine iitwayo Tripsacum. Mwaka 1949, riwaya ya Asturias ilipokuwa inatoka, Mangelsdorf naye alikuwa anachapisha habari za magunzi madogo ya kale yaliyofukuliwa Bat Cave, New Mexico. Miaka ya 1960 akaamini hindi-mwitu limepatikana kwenye mapango ya bonde la Tehuacán. Mwaka 1974 akayakusanya yote kwenye kitabu kinene kuhusu mahindi.

Nikisema sasa kwamba nadharia ya Mangelsdorf ina umbo lilelile la Popol Vuh, sitaki kuchekesha. Kote kuwili hindi ni hindi tangu mwanzo, limefichwa mahali, na kazi ya binadamu ni kulikuta. Tofauti ni kwamba Popol Vuh haikudai kuwa botania. Inaeleza deni, yaani mwili wako umetoka wapi na unapaswa kumshukuru nani. Mangelsdorf alikuwa anadai jambo la kupimwa, nalo likapimwa.

Punje mia nne na nyasi yenye punje kumi

Ni rahisi kumhurumia Mangelsdorf ukiwa umeishika teosinte mkononi, au hata ukiiona kwenye picha. Mmea una matawi mengi, na suke lake ni jembamba kama kidole cha mtoto, lina punje kati ya tano na kumi na mbili hivi. Kila punje imefungiwa kwenye ganda gumu kama jiwe, na zikikomaa zinapukutika zenyewe. Linganisha na hindi: gunzi nene, punje mamia, zimekaa wazi, zimeshikana kwa nguvu mpaka uzipukuchue. Hindi haliwezi hata kujipanda. Likianguka lilivyo, miche mingi itaota mahali pamoja na kunyongana. Nani angeamini kwamba moja lilitoka kwa lingine?

George Beadle aliamini. Akiwa mwanafunzi Cornell kwa Rollins Emerson, alichanganya mahindi na teosinte, akaona kromosomu zao zinaoana vizuri na watoto wao wanazaa bila shida. Mwaka huohuo wa 1939 alijibu kwamba teosinte ndiyo mzazi na kwamba jeni chache tu zingetosha kuleta tofauti. Alionyesha hata kwamba punje za teosinte, kwa ugumu wake wote, zikitiwa moto hupasuka kama bisi. Halafu akaondoka kwenye mahindi kabisa, akafanya kazi ya kuvu iliyompa Nobel mwaka 1958, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alipostaafu akarudi kwenye hoja yake ya ujana.

Alichofanya ni hesabu ya mkulima. Alipanda Mexico wajukuu wa mahindi na teosinte, mimea kama 50,000, akahesabu ni mingapi inafanana kabisa na babu mmoja au mwingine. Kama jeni moja ndiyo inayotofautisha, mmoja kati ya kila wanne atafanana na babu. Zikiwa nne ni mmoja kati ya 256, zikiwa tano ni mmoja kati ya 1,024. Yeye alipata karibu mmoja kati ya 500. Kwa hiyo, akasema, tunazungumzia jeni kuu nne au tano. Aliyasimulia haya mwaka 1980 kwa lugha nyepesi kabisa, na makala yake bado ni mfano mzuri wa namna ya kueleza jambo gumu bila kumdharau msomaji.

Waliofuata walimpa haki kwa sehemu kubwa. John Doebley na wenzake waliipata jeni inayopunguza matawi, tb1, na nyingine inayoivua punje ganda lake, tga1. Mwaka 2002 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba mahindi yote yametokana na teosinte ya bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita. Mwaka 2009 wachimbaji walitangaza mabaki ya mahindi ya miaka 8,700 kwenye kibanda cha mwamba cha Xihuatoxtla, Guerrero, ndani ya bonde hilohilo.

Lakini mwisho si safi hivyo, na hapa ndipo ninapowaudhi marafiki wanaopenda kusimulia kisa hiki kama mechi aliyoshinda Beadle. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba mahindi ya leo karibu yote yamebeba pia damu ya teosinte nyingine, ile ya nyanda za juu, kwa wastani wa kama asilimia 18. Kwa hiyo uchotara ulikuwepo kweli. Haukuwa ule aliousema Mangelsdorf, ila harufu ya mchanganyiko aliyoinusa haikuwa ndoto tupu. Na tumkumbuke kwa jambo lingine: alishirikiana na Efraím Hernández Xolocotzi na wenzake katika kazi ya kuorodhesha aina za mahindi ya Mexico miaka ya mwanzo ya 1950, kazi ambayo bila hiyo tusingejua nini kinapotea.

Waliosoma kabla ya maprofesa

Sasa hoja yangu. Kisa cha Beadle na Mangelsdorf kimesimuliwa mara nyingi kama riwaya ya upelelezi, na ni kitamu. Lakini kama mhakiki namuuliza kila msimulizi: wahusika wako wakuu ni akina nani? Maprofesa wawili wa Kimarekani. Na aliyefanya tendo lenyewe? Hayupo. Anatajwa kama "wakulima wa kale", kundi lisilo na akili binafsi, kana kwamba mabadiliko yaliwatokea tu.

Kuna jambo moja katika sayansi hiyohiyo linalonifanya nikatae. Badiliko linaloifanya jeni ya tb1 ipunguze matawi lilisababishwa na kipande cha DNA kinachohama, kilichojipachika karibu na jeni hiyo. Vipande vinavyohama ni ugunduzi wa Barbara McClintock, aliyeugundua ndani ya mahindi yenyewe, akasubiri hadi 1983 kupewa Nobel. Na kipande hiki ni kikongwe kuliko kilimo, kwa zaidi ya miaka 10,000. Yaani kilikuwa tayari ndani ya teosinte, kimelala kwenye mimea michache kati ya mingi. Mtu fulani wa Balsas alipita kwenye nyasi akaona mmoja umesimama tofauti, akachukua mbegu yake, na aliyemfuata akafanya vilevile. Hawakuunda badiliko lile. Walilitambua, wakalishikilia kizazi hadi kizazi. Mimi hiyo naiita kusoma, na wasomaji wale walihitaji kitu kimoja kabla ya yote: wingi. Kama teosinte zote zingekuwa sawa, kusingekuwa na cha kuchagua.

Nikirudi na wazo hili kwa Asturias, namwona kwa jicho jingine. Huyu mwandishi aliyewatukuza watu wa mahindi, mwaka 1923 aliandika tasnifu ya sheria kuhusu wenyeji wa asili wa Guatemala, akawaeleza kama watu waliochakaa, akapendekeza waletwe wahamiaji wa Ulaya ili damu ichanganyike na kizazi "kiboreke". Soma tena polepole: alizungumza juu ya watu kama mtu anayeboresha mbegu, na kwake mbegu nzuri ilikuwa ya nje. Miaka 26 baadaye akaandika riwaya ambayo wabaya wake ni walewale wanaofyeka kilichopo ili kupanda kitu kimoja chenye bei. Sijui riwaya nyingine inayobishana na kijana aliyekuwa mwandishi wake kwa ukali huu. Ila haikumaliza ubishi. Wenyeji wake wamekuwa watakatifu, wamekuwa kulungu na koyote na mvua, lakini ni mara chache tunawaona wakifanya kazi ya akili: kuchagua, kulinganisha, kutupa hiki na kutunza kile. Wanawake ndio wameonewa zaidi. Mke wa Gaspar anakimbia na mtoto, na baadaye tunaambiwa amekuwa mvua na mtoto amekuwa mahindi. María Tecún anafanywa jina la jiwe muda mrefu kabla ya kupewa kauli. Popol Vuh, iliyoandikwa karne nne kabla, angalau inamweka bibi kizee kwenye jiwe la kusagia na kutuambia kwamba bila mikono yake hakuna mtu.

Na ile kazi ya bibi ilikuwa elimu. Wamesoamerika hupika mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari bila jiko hilo, maskini wa Ulaya waliokula mahindi karibu peke yake wakapata pelagra, na baadaye maskini wa kusini mwa Marekani vilevile. Walichukua punje, wakaiacha elimu ya bibi.

Mahindi ni wingi

Kiswahili kinasema "mahindi". Hindi ni suke moja, lakini chakula na zao ni wingi daima. Jina lenyewe limekosea anuani, maana linaelekeza India wakati kitu kilitoka Mexico. Hatuko peke yetu: Waturuki wanayaita kwa jina la Misri, na Waitaliano wanayaita nafaka ya Kituruki. Kila mtu amemtaja jirani aliyempa. Ila kuhusu wingi tulipatia, angalau kwenye sarufi. Wanajenetiki husema mistari miwili ya mahindi inaweza kutofautiana kwa DNA kiasi cha binadamu na sokwe.

Shambani ni habari nyingine. Mwaka 1970 Marekani ilipoteza kama asilimia 15 ya mahindi yake kwa ugonjwa mmoja wa ukungu, kwa sababu zaidi ya robo tatu ya mbegu chotara zilikuwa na saitoplazimu ya aina moja, na aina hiyo ndiyo ukungu uliyoipenda. Kwetu, mwaka 2011, ugonjwa wa virusi unaoua mahindi ulionekana Bomet, Kenya, na aina nyingi zilizokuwa madukani hazikuwa na kinga. Wakulima walisimama kwenye mashamba ya mabua makavu yasiyo na kitu.

Kinga hutafutwa wapi? Mara nyingi kwa ndugu waliosahaulika. Mwaka 1977 Rafael Guzmán, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Guadalajara, alianza kuitafuta teosinte ya kudumu iliyodhaniwa kutoweka, na katika milima ya Sierra de Manantlán, Jalisco, akaikuta spishi ambayo sayansi haikuijua: Zea diploperennis. Huota tena mwaka baada ya mwaka, huzaa na mahindi, na ilipojaribiwa ilionyesha ukinzani dhidi ya virusi kadhaa. Mwaka 1987 milima ile ikatangazwa hifadhi. Na kule Oaxaca, nyanda za Wamixe, kuna mahindi marefu yenye mizizi ya hewani inayotoa ute mzito. Ndani ya ute kuna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba mmea hupata hivyo kati ya asilimia 29 na 82 ya naitrojeni yake. Magazeti yakaandika kuwa wanasayansi wamegundua mahindi yanayojirutubisha. Wamixe walikuwa wanayapanda muda wote huo.

Kwa hiyo ukiuliza riwaya ya 1949 inatuhusu nini, jibu langu liko Kitale. Mwaka 1964 Kenya ilitoa mbegu chotara H611, iliyotokana na kuyakutanisha mahindi meupe ya Kitale, yenye asili ya mbegu za walowezi, na aina moja kutoka Amerika ya Kusini iitwayo Ecuador 573. Mavuno yakapanda, na damu ile ya Andes iliendelea kwenye chotara zilizofuata. Ugali wa nyanda za juu za Kenya una deni kwa wakulima wa Ecuador ambao hakuna pakiti ya unga inayowataja. Sisi ni watu wa mahindi kwa maana zote mbili, tunayala na tunayauza, na mbegu iliyotuwezesha kufanya yote mawili ilitunzwa na watu waliolima mlimani kwa chakula chao. Mgawanyo wa Asturias hautoshi kutueleza. Hata hivyo onyo lake ni la kweli: soko linalotaka aina moja tu, nyeupe, ya ukubwa mmoja, linakula akiba ambayo halikuiweka.

Ushauri kwa atakayependa kusoma: anza na sehemu ya Popol Vuh ya kuumbwa kwa watu wa mahindi, ni kurasa chache. Fuata na makala ya Beadle ya 1980. Kisha ingia kwenye Hombres de maíz bila haraka, na ukipotea katikati usirudi nyuma, endelea tu. Mwishoni kabisa, Goyo Yic na María Tecún wamezeeka, wamerudi kijijini, wanajenga nyumba kubwa kwa sababu watoto wameoa na wajukuu wamejaa, na mavuno yanahitaji mikono mingi. Wazee, watoto, wanaume na wanawake wanageuka siafu ili wayabebe mahindi. Hakuna shujaa, hakuna kanali, na hakuna anayeuliza punje ni ya nani. Ni ukurasa mmoja tu, na ndio pekee ambapo Asturias anawaona watu wa mahindi wakiwa kazini.

Kama kuna mtafsiri anayesoma hapa na anatafuta kazi ya miaka miwili, naomba ajitokeze. Jina la kitabu tunalo tayari.